Mwalimu, wewe ni chama gani?

*Maswali ya wasomaji. Anajibu Bi. Mwalimu, mstaafu, aliyefundisha Siasa na baadaye Uraia katika sekondari za Iringa na Dodoma.*

SWALI: Shikamoo Bi. Mwalimu. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili katika sekondari ya kata huku Kahama. Tulipofika kwenye vijiji vya ujamaa niliandika ubaoni faida zake: shule, maji, zahanati. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akasema babu yake alichomewa nyumba mwaka 1974 na kuhamishwa mazao yakiwa bado shambani. Darasa likalipuka. Mwingine wa nyuma akadakia, "Mwalimu, wewe ni chama gani?" Mkuu wa shule alisikia makelele, akaniita ofisini na kuniambia nifuate muhtasari, mambo ya siasa niachane nayo. Nitaachana nayo vipi wakati somo lenyewe ndilo hilo? *Mwalimu, Kahama*

JIBU: Marahaba mwanangu.

Tuanze na huyo mjukuu, maana huyo wa nyuma alitaka kuchekesha wenzake tu. Alichokisema mjukuu ni historia. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuhamia vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Rufiji, Dodoma na Kigoma walikuwa wameshaonja operesheni za kuhamisha watu kabla ya hapo. Watu walipakiwa kwenye malori pamoja na mbuzi na masufuria yao, mgambo wakisimamia, na baadhi ya sehemu nyumba zilitiwa moto ili mtu asirudi alikotoka. Mwaka 1974 na 1975 ukaja ukame, chakula kikawa haba, nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Mpaka leo watu wanabishana ukame ulichangia kiasi gani na kule kuhamahama kulichangia kiasi gani.

Na faida ulizoandika ubaoni ni historia vilevile. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Madarasa yakajengwa kwa nguvu za wananchi, visima vikachimbwa. Mama aliyekuwa akitembea nusu siku kwenda zahanati akaipata kijijini kwake. Sasa chora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja yaliyopatikana, upande wa pili yaliyopotea, halafu wape swali: serikali ilikuwa na sababu gani, na je, kulikuwa na njia nyingine ya kufika hapo? Anayesema ilikuwa sawa apate maksi kwa hoja zake. Anayesema haikuwa sawa, vivyo hivyo. Anayeandika "ilikuwa mbaya sana" akaishia hapo, mpe anachostahili.

Na huyo kijana mpe kazi ya kumhoji babu yake kwa maandishi, kama babu mwenyewe yuko tayari. Alihamishwa kutoka wapi kwenda wapi, nani alikuja kumwambia, alipewa muda gani, watoto wake walisoma wapi baadaye. Usishangae babu akilia kwa nyumba yake na papo hapo akisifu shule iliyomsomesha mwanawe. Wazee wengi niliozungumza nao ndivyo walivyo.

Mimi nilianza kufundisha Siasa mkoani Iringa mwishoni mwa miaka ya 70. Asubuhi mchakamchaka na nyimbo, kisha mstarini, kisha darasani. Swali ambalo mtihani haukuchoka kuliuliza lilikuwa hili: "Ili tuendelee tunahitaji vitu vinne. Vitaje." Jibu kila mtu alilijua hata akiamshwa usiku wa manane: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Sasa kijana mmoja wa kidato cha tatu akaandika watu, ardhi, siasa safi na fedha. Nikamkata maksi, mwongozo wa kusahihishia ndivyo ulivyotaka. Akaja na karatasi mkononi: "Mwalimu, jembe tunanunua na nini?" Enzi hizo jembe lenyewe kulipata dukani ilikuwa bahati, hata fedha ukiwa nayo.

Kipindi kilichofuata nililiacha andalio la somo mezani, tukajadili swali lake. Nilifungua Azimio la Arusha lenyewe, nikawasomea sehemu inayosema mnyonge akichagua fedha kuwa silaha yake amechagua silaha asiyo nayo, na kwamba fedha ni matunda ya maendeleo, haziwezi kuwa msingi wake. Ukilisoma Azimio utaona ni hoja tupu mwanzo hadi mwisho. Linajibu watu waliokuwa wanabisha. Shule ndizo zilizoligeuza kuwa orodha ya kukariri. Na Elimu ya Kujitegemea, iliyotoka Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio, inataka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine na awe na uwezo wa kukubali au kukataa. Nyerere aliyaandika hayo mwenyewe. Ukiitwa tena ofisini, nenda nayo.

Kuna jambo moja ambalo darasani kwetu halikutajwa kabisa. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kule Isimani na mkulima aitwaye Said Mwamwindi. Kisa kilikuwa mashamba na ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Nilikuwa na wanafunzi kutoka Isimani, wengine walikuwa watoto wa darasa la pili au la tatu siku ile. Walijua kuliko mimi. Mchana tulikuwa tukiandika maana ya ujamaa ubaoni, usiku mabwenini wakisimuliana habari ya Kleruu na Mwamwindi, kila mmoja na yake aliyoisikia nyumbani, na hakuna mtu mzima wa kuwaambia lipi lilitokea na lipi ni chumvi. Ukimnyamazisha mjukuu wa Kahama, kisa cha babu yake kitakwenda bwenini hivyohivyo.

Wajerumani walilifikiria jambo hili kwa uchungu, maana shule zao Hitler alizitumia alivyotaka. Mwaka 1976 wataalamu wa elimu ya uraia walikutana katika mji mdogo wa Beutelsbach, wakatoka na mambo matatu. Mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa maoni yake. Linalobishaniwa katika jamii libishaniwe na darasani. Na mwanafunzi awezeshwe kutambua yeye mwenyewe anasimama wapi na maslahi yake yako wapi. La pili ndilo la kumpelekea mkuu wako, ila usimtajie Ujerumani, atadhani unamringia. Mpelekee andalio la somo lililoandikwa vizuri: lengo, maswali, namna utakavyosahihisha. Wakuu wa shule wengi hawaogopi mjadala. Wanaogopa simu ya mzazi mwenye cheo, na karatasi yenye mpango wa somo inawapa cha kujibu.

Halafu usisahau lugha. Siasa tulikuwa tukiifundisha kwa Kiswahili, hata sekondari. Ilipoondolewa baada ya vyama vingi kuingia mwaka 1992, ikaja Uraia kwa Kiingereza, na watoto walewale waliokuwa wakibishana hadi kengele inalia wakawa wanakili. Maana ya demokrasia waliikariri neno kwa neno, na hapana hata mmoja aliyeuliza jembe linanunuliwa na nini. Somo lako wewe limerudi kwenye Kiswahili. Darasa kulipuka kumetokana na hapo. Mimi ningeagiza soda kusherehekea.

Kuhusu chama chako. Zama zetu swali hilo lisingeulizwa, chama kilikuwa kimoja na kadi zilijulikana ziko wapi. Leo mjibu bila hasira: kura yangu ni siri kama itakavyokuwa yako, lakini daftari lako nitalisahihisha bila kujali unashangilia nani. Kisha hakikisha hivyo ndivyo unavyofanya, maana watahesabu. Mwanafunzi wa chama cha kijani akipata 15 na wa rangi nyingine 9 kwa hoja zinazofanana, jibu lako watakuwa wameshalipata.

SWALI: Bi. Mwalimu, binti yangu wa darasa la tano amerudi na zoezi la nyumbani: "Eleza mafanikio matano ya serikali." Mimi maji yanatoka mara moja kwa wiki, nianze na lipi? Hii si kampeni? *Mama wawili, Mbagala*

JIBU: Pole kwa maji, dada.

Swali hilo ni baya, lakini si kwa sababu linasifu. Serikali yoyote ina mambo iliyofanya na mtoto ayajue. Ubaya wake ni kwamba mlango ni mmoja: mtoto hawezi kulijibu kwa kufikiri, anaweza kulijibu kwa kukumbuka tu. Lingeulizwa "eleza makosa matano ya serikali" ningesema hivyohivyo.

Usimfanyie, na usiende shuleni kugomba. Mwambie kila alitajalo aliambatanishe na ushahidi. Kwa mfano, elimu bila ada. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa kuanzia 2016. Muulizie bibi yake alikuwa akilipa nini, na wewe mtajie michango unayotoa leo. Mambo matano ya namna hiyo yatamfundisha zaidi ya kitabu. Kisha aongeze mstari wa sita ambao hakuulizwa: lililobaki. Hapo maji yako yanaingia. Mwalimu mwenye busara atauwekea tiki mstari huo. Asiye na busara atauacha, na binti hatakuwa amepoteza maksi hata moja kati ya zile tano.

SWALI: Assalaam alaikum Bi. Mwalimu. Nakusoma kila toleo huku Mombasa. Nyinyi Watanzania mlijazwa itikadi shuleni, kweli si kweli? Sisi Kenya tulisoma GHC: jiografia, historia na uraia basi. *Mzee Barobaro, Mombasa*

JIBU: Wa alaikum salaam, Mzee Barobaro. Kweli, tulijazwa, na mlango ulikuwa umeandikwa "Siasa" kwa herufi kubwa.

Sasa nawe niambie. Enzi za Rais Moi hukusimama mstarini ukaapa utii kwa Rais na taifa, kiapo kikimalizikia na falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja? Na yale maziwa ya Nyayo ya pakiti za pembetatu, jina la nani lilikuwa juu yake? Wakenya niliowahi kufanya nao kazi wanasimulia maziwa hayo kwa mapenzi kabisa, nami sina ugomvi nayo, mtoto ameshiba. Lakini ukimpa mtoto maziwa kila juma kwa jina la falsafa ya mkuu wa nchi, hilo nalo ni somo, na halina mtihani wala mtu wa kulibishia. Mimi kijana wangu wa jembe alikuwa na karatasi ya kuja nayo mkononi. Wewe ungekwenda kwa nani, ukamwambie nini kuhusu pakiti ya maziwa?

Na msisahau kwamba Kenya mlitangulia kuandika ya kwenu. Waraka wa serikali yenu Na. 10 wa mwaka 1965 ulijiita ujamaa wa Kiafrika, miaka miwili kabla ya Azimio letu, ukiacha mali binafsi na wawekezaji wakitamba. Muulize kijana wako wa sekondari kama amewahi kuwekewa waraka huo na Azimio la Arusha pembeni yake, asome vyote viwili na kuchagua. Akisema ndiyo, niandikie jina la mwalimu wake nimpongeze.

SWALI: Mwanafunzi akija na fulana ya chama siku ya usafi, nimrudishe? *Mwalimu wa zamu, Njombe*

JIBU: Mrudishe akabadilishe, bila viboko na bila hotuba. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 iliondoa matawi ya vyama mashuleni na makazini, na fulana moja ikiruhusiwa, kesho utakuwa na timu mbili zinazofyeka majani pande tofauti za uwanja. Mueleze kwamba Jumamosi ni yake, avae anachotaka. Na kofia yako ile uliyopewa wakati wa uchaguzi, najua ni ya kuzuia jua tu, nayo iache nyumbani.