Barua kwa Mwanangu: Usingizi Hutafutwa Asubuhi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema tangu umalize ule mkataba wa kazi za usiku, usingizi wako umekataa kurudi mahali pake. Unalala saa kumi alfajiri, unaamka saa sita mchana, na ukijilaza mapema unabaki kuitazama dari. Ukauliza swali moja: "Mama, nikikesha usiku mmoja na mchana wake wote, si nitalala saa nne usiku kama watu wengine, mambo yakaisha?" Na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, ukagusia kwamba wenye mkataba wanataka uurudie.

Nitakujibu. Ila kwanza nikuulize mimi: unataka kuamka saa ngapi, na ukishaamka unakwenda wapi? Maana umejaza ukurasa mzima na habari za kulala, lakini kuamka umekutaja mara moja, tena kwa aibu. Nilikwambia tangu uko shuleni, na kaka yako anaweza kukuimbia hata sasa: usingizi wa usiku hutafutwa asubuhi. Hakuna mtu anayeweza kujiamuru alale. Kujiamuru kuamka inawezekana, hata kama ni kwa kununa.

Sasa huko kukesha. Kuna mambo mawili yanayomlaza binadamu na watu huyachanganya. La kwanza ni njaa ya usingizi: tangu unapofungua macho, kemikali inayoitwa adenosini inazidi kujikusanya ubongoni, na kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyokulemea. La pili ni saa ya mwili, fungu dogo la chembe hai kama 20,000 lililokaa ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ukikesha, njaa inaongezeka kweli kweli. Saa haina habari na wewe. Kwa hiyo utaanguka saa moja jioni na viatu miguuni, halafu saa nane za usiku macho yatafunguka yenyewe, makavu, na utaanza kuniandikia barua nyingine. Na ukikaidi ukakesha, basi siku hiyo usiendeshe chombo chochote cha moto. Hilo silijadili.

Baba yako anapita hapa nyuma yangu anasema nijibu kwa kifupi. Baba yako hakuulizwa.

Kuna kisa nilichokipenda tangu nikisikie kwenye mafunzo kazini. Mwaka 1938 profesa mmoja wa Chicago, Nathaniel Kleitman, aliingia na mwanafunzi wake, Bruce Richardson, ndani ya pango la Mammoth huko Kentucky, Marekani, wakakaa siku 32. Humo hakuna jua wala usiku, na ubaridi haubadiliki. Miguu ya vitanda waliitumbukiza kwenye makopo ya dawa ili panya wasipande. Walitaka kuona kama mwili utakubali siku ya saa 28 badala ya 24. Mwanafunzi, kijana aliyekuwa mdogo kwa profesa kwa miaka 20 hivi, mwili wake ukafuata ratiba mpya. Profesa akagoma. Yaani yeye mwenyewe alitaka, ila mwili wake ukaendelea na saa 24 zake humo gizani kana kwamba una dirisha. Baba yako kila nikimsimulia huuliza kilichowapeleka watu wazima pangoni kwa hiari yao.

Najua utakalosema: mimi ndiye yule kijana, mwili wangu utafuata. Huenda. Lakini yule hakuwa na jua la kubishana naye kila siku, wewe unalo. Isitoshe, saa ya mwili kwa watu wengi inazunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, dakika chache tu, na ndiyo maana kuchelewa kulala hakuhitaji juhudi yoyote na kuwahi kunatutoa jasho. Kinachoirekebisha saa hiyo kila siku ni mwanga kuliko kitu kingine chochote.

Na neno mwanga siwezi kuliandika bila kumkumbuka shangazi yako. Yule unayemjua, siyo yule mpole. Unalikumbuka lile blanketi la kijivu kwenye dirisha letu? Nililipigilia misumari mimi mwenyewe nilipopangiwa zamu za usiku, kwa sababu pazia lilikuwa jepesi na mchana ulikuwa unaingia wote. Siku hiyo nilirudi alfajiri kutoka usiku mbaya wodini. Sitaki kuueleza, kuna mtoto hatukuweza kumwokoa. Nikaoga, nikalala. Saa nne asubuhi shangazi yako, aliyekuja na wageni wake, akaingia chumbani bila hodi, akalivuta blanketi likaja na misumari yake, jua likanipiga usoni. Halafu akasema, kwa sauti iliyopimwa ifike sebuleni, "Jamani, mke wa kaka analala mpaka jua linaona aibu!"

Wageni wakacheka. Kuna mmoja aliendelea kucheka hata wenzake walipomaliza, namkumbuka mpaka meno.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe chako. Ukasema, "Mama anashinda usiku." Hakuna aliyekujibu. Mimi nililisikia vizuri, na usidhani nimelisahau.

Na baba yako? Alichukua nyundo, akapita katikati ya wageni bila salamu, akapanda juu ya kiti, akalipigilia blanketi upya. Msumari mmoja, akatulia, wa pili, akatulia, na dada yake amesimama pale pale akimtazama. Hakutamka neno. Miaka yote hii sijaamua. Kuna siku naona ile nyundo ilisema kila kilichotakiwa kusemwa. Kuna siku naona mwanamume ana mdomo, angeutumia, maana mimi niliyefedheheshwa nilifedheheshwa kwa maneno. Yeye ukimuuliza anakwambia alichelewa kidogo kwa sababu msumari mmoja ulikuwa umepinda.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba shangazi yako alinifanyia zaidi ya kunifedhehesha. Machoni mwetu kuna chembe ambazo hazishughuliki na sura za watu wala rangi za nguo. Kazi yake ni kupima mwanga na kuipelekea saa ya ubongoni taarifa kwamba kumekucha. Mwanga ukiingia, melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kuwa ni usiku, hukatwa. Muuguzi anayetoka zamu anatembea juani akirudi nyumbani, kwa hiyo tayari mwili wake umeshavurugwa njiani, halafu mtu anakuja kumfunulia dirisha saa nne. Nilifanya kazi usiku ule uliofuata macho yakiwa na mchanga. Shangazi yako alilala salama.

Haya, nirudi kwako. Nilikuwa nasema usingizi hutafutwa asubuhi, na hapa msemo wangu unanigeuka mwenyewe, kwa sababu lazima niulize: asubuhi ya nani? Joto la mwili hushuka hadi chini kabisa kama saa mbili au tatu kabla ya muda uliozoea kuamka. Kwako wewe unayeamka saa sita mchana, hiyo ni saa tatu au saa nne asubuhi. Mwanga mkali unaoupata baada ya hapo unaivuta saa ya mwili iwahi. Unaoupata kabla ya hapo unaichelewesha zaidi, maana mwili bado unajua ni usiku. Sasa ujifanye jasiri, uweke kengele ya saa kumi na mbili asubuhi, utoke nje ukaote jua! Utakuwa umejichelewesha kwa mikono yako, kisha useme ushauri wa mama haufai. Kwa wakati huu asubuhi yako ni saa sita mchana. Msemo unabaki pale pale, ila tuanzie ulipo.

Kwa hiyo anza na saa tano na nusu. Amka, toka nje, ukae nje nusu saa. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje unaushinda kwa mbali mwanga wa taa ya ndani. Kaa na saa tano na nusu siku mbili tatu, ukiona umeizoea shuka hadi saa tano, na hivyo hivyo. Kama shabaha yako ni saa kumi na mbili asubuhi, hiyo ni kazi ya wiki tatu hadi tano. Najua ulitaka usiku mmoja. Siku za mapumziko nazo ni siku, amka muda ule ule, kwa sababu ukijizawadia saa tatu za ziada mwisho wa wiki umerudi ulikotoka. Wala usipande kitandani saa nne usiku ati kwa kuwa barua ya mama imesema uwahi. Panda ukiwa na usingizi. Ukikaa kitandani macho makavu, ondoka, kaa mahali penye mwanga hafifu na kitu cha kukuchosha, urudi usingizi ukikuita. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuhangaikia, ukikiona tu unazinduka.

Jioni punguza taa, na simu iweke mbali, hata ukiwa unamjibu kaka yako. Kahawa ikome mapema: baada ya saa tano au sita, nusu ya kafeini yake kwa kawaida bado imo mwilini, na kazi yake ni kuizuia ile adenosini isisikike. Vidonge vya melatonini usinunue kwa kuambiwa na rafiki. Vikimezwa saa isiyofaa vinaweza kukuchelewesha badala ya kukuwahisha, kwa hiyo muone daktari kwanza. Umuone pia ikiwa umefuata haya yote mwezi mzima na hakuna kilichosogea, au ikiwa moyo nao umekuwa mzito.

Kaka yako anasema kuna njia nyingine, ya kuzunguka: unachelewa saa tatu kila siku, leo saa moja asubuhi, kesho saa nne, mpaka unaizunguka saa nzima na kutokea unapotaka. Njia hiyo ipo, madaktari waliiandika mwaka 1981, na nakubali ina akili kwa kuwa kuchelewa ni rahisi kuliko kuwahi. Lakini kwa wiki nzima hutakuwa mtu wa kuonana na mtu yeyote, na wapo walioanza kuzunguka wakashindwa kusimama. Mtu wa kukulindia ratiba huna. Mimi ningesema usiiguse. Haya, nimeshasema.

Umebaki mkataba. Hukuniuliza, uligusia tu, kwa hiyo sitatoa hukumu. Una akili zako na una bili zako. Sitasema kwamba mwaka 2007 kitengo cha Shirika la Afya Duniani kinachotafiti saratani kiliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019 kikarudia hivyo hivyo. Kulisema hilo ingekuwa kukutisha. Halafu zamu zile zile ndizo zilizowasomesha wewe na kaka yako, na kuna usiku wodini niliipenda kazi ile kuliko chochote, saa tisa, wagonjwa wote wametulia, mimi na mwenzangu tunaongea kwa kunong'ona. Kwa hiyo siwezi kukwambia kazi ya usiku ni laana. Siwezi pia kukwambia ni nzuri, kwa sababu mpaka leo, nimeshastaafu, kuna siku saa nane za usiku nazinduka na kutaka kwenda kupima mtu presha.

Nilikuwa nimeandika sentensi nyingine hapa kuhusu mkataba, baba yako ameisoma akaniambia nikuache. Nimeifuta. Ilikuwa fupi, na ilikuwa na neno moja tu la kukataza.

Kesho nitakupigia saa tano na nusu kamili. Pokea ukiwa nje, nitasikia kama uko ndani.

Mama yako