Je, kipimo cha vinasaba kitaonyesha kama mazoezi ya akili yatamsaidia mdogo wangu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, na anachoma sindano kila mwezi. Sauti zimeisha, lakini kichwa kimekuwa kizito. Ukimtuma dukani vitu vitatu analeta kimoja, na chenji inampiga chenga. Kuna kituo Kariakoo wanataka laki nne wampime mate, waone kama vinasaba vyake vinakubali mazoezi ya akili au tutapoteza muda. Shangazi anasema tusihangaike, ugonjwa uko kwenye damu ya ukoo. Tulipe? – Dada mtu, Mbagala.

JIBU: Marahaba. Msilipe.

Hao jamaa wamechukua ukweli mdogo wakaupandishia bei. Ipo jeni, yaani kipande cha vinasaba, iitwayo COMT, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja dopamini, kemikali ya kupelekea ujumbe, sehemu ya mbele ya ubongo, tunakopangia mambo. Kuna wenye aina inayovunja haraka na wenye inayovunja polepole. Mwaka 2007 watafiti wa Milan, Italia, waliona kuwa aina hiyo ya jeni inaathiri faida anayoipata mgonjwa kwenye mazoezi ya akili, yaani kufundishwa kukumbuka, kuwa makini na kupanga mambo. Mwaka 2011 wenzao wa London wakaitafuta tofauti hiyohiyo, hawakuiona. Uchunguzi mkubwa uliotoka 2022 ulikuta maeneo 287 ya vinasaba yanayohusiana na skizofrenia, kila moja likichangia kidogo sana, na wengi wa waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya na Asia ya mashariki. Anayesoma jeni moja ya kijana wa Mbagala akamkatia hukumu, huyo anapiga ramli kwa mashine.

Hata hivyo, kinachonichosha zaidi ni neno la shangazi, maana kliniki nalisikia kila mara: kipo kwenye damu, basi tena. Ukoo una uzito, sikatai. Lakini hata mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, mmoja akiugua skizofrenia mara nyingi mwenzake haugui. Halafu kurithi uwezekano wa kuugua hakumaanishi umerithi kushindwa kujifunza. Mazoezi haya yamejaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa na kwa wastani yanasaidia. Nafuu yake si ya miujiza, ni ndogo hadi ya kati, na huwa kubwa zaidi pale mkufunzi anapokaa na mgonjwa, akamfundisha mbinu, kisha mbinu ikatumika kwenye shughuli za kweli.

Shughuli ya kweli mnayo, ni hilo duka. Asikariri sukari, nyanya, majani ya chai na kitunguu kwa mkupuo. Azigawe mwenyewe: vya chai viwili, vya mboga viwili. Azitaje kwa sauti kabla hajatoka mlangoni. Akirudi, usimuulize kwa nini amesahau. Muulize alifanyaje kuvikumbuka alivyoleta, ili mbinu hiyo airudie kesho. Chenji aanze na noti ya elfu moja. Ya elfu kumi itasubiri.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Wengi wanaochoma sindano hupewa na vidonge vya benzheksoli, ambavyo mnaviita Artane, kuzuia kutetemeka na misuli kukaza. Dawa za kundi hilo huvuruga kumbukumbu, na zimeonekana kupunguza faida ya mazoezi ya akili. Kama anavimeza, usimwachishe wewe. Muulize daktari wake kama bado anavihitaji, na kwa kiasi gani. Swali hilo halina laki nne.

Na wengine mnaosoma, msidhani haya ni ya Mbagala tu. Leo ni mate, jana ilikuwa vidonge vya kuamsha ubongo vya kwenye kopo la dhahabu, keshokutwa watakuja na kofia ya umeme. Upimaji wa vinasaba nchini una sheria yake, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Ulizeni kibali kabla mtu hajatema mate kwenye kichupa cha yeyote. Wengi watawageuzia mazungumzo hapohapo. Na akitokea mtu, awe mganga, mchungaji au mwenye mashine, akasema sindano isimamishwe kwanza ndipo tiba yake ifanye kazi, ondokeni na mgonjwa wenu siku hiyohiyo.