Mwiko wa mwanangu

Basi la shule lilimshusha mwanangu getini saa kumi jioni, kashika tumbo. Usiku ule alitapika mara nne. Asubuhi nilipompigia mwalimu wake, aliapa kwamba mtoto alikula wali na maharage kama barua yangu ilivyoelekeza, hata biskuti hakugusa. Alikuwa anasema kweli. Ilibidi niende mwenyewe jikoni kwao ndipo nikamjua mkosaji: mwiko. Saa nne ulikoroga uji wa lishe wenye ngano, ukafutwa na kitambaa, mchana ukageuzia wali. Kwa mwanangu ngano ni mwiko, na mwiko ndio ulioileta.

Ana siliaki. Akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, kinga ya mwili wake inaugeukia utumbo wake mwenyewe, na vile vinyweleo vidogo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza lishe vinalika. Tiba iliyopo ni kuacha gluteni maisha yote. Kupika hakusaidii, moto hauiondoi.

Kabla hatujajua, mstari kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa unalala tu. Tumbo limejaa kama ngoma, miguu kama vijiti. Tulitibu minyoo, tukatibu mchango, na shangazi mmoja akaja na habari za kurogwa. Ushauri ambao kila mtu alinipa, wakiwemo watu wa afya, ni uji wa lishe. Mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano. Nikampa kwa bidii zote, mara tatu kwa siku. Hilo bado linaniuma.

Hapa niseme neno kwa mzazi anayeanza kushuku: usimwachishe mtoto ngano kabla ya vipimo. Kipimo cha damu na kile cha kuchukua kinyama cha utumbo vinasoma madhara ya gluteni. Ukiiondoa mapema, majibu yanaweza kutoka safi na mtoto ni mgonjwa.

Sasa shule. Shida kubwa niliyoikuta si ubaya wa mtu, ni kwamba mwanangu haanguki. Mtoto mwenye mzio mkali wa karanga anavimba na kukosa pumzi mbele ya macho yao, hivyo wanaogopa. Wangu anakula kipande cha andazi, anacheza, anaimba, anapanda basi. Maumivu yanakuja nyumbani, na pengine yasije kabisa huku utumbo unalika kimyakimya. Kwa hiyo mwalimu anaona kwa macho yake kwamba "kidogo hakikumdhuru". Kiongozi mmoja wa shule aliniambia huu ni ugonjwa wa wazungu. Nilimjibu kwa adabu kwamba uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta karibu watoto 6 kati ya 100 wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, Afrika hiihii, wana siliaki. Alinyamaza, ila sidhani kama alishawishika. Kilichomgeuza ni barua ya daktari yenye mhuri. Itoe kopi nyingi.

Lakini barua ikishafika ofisini, nenda jikoni. Mtu anayemlinda mwanangu ni mama mpishi. Siku ya kwanza nilimwendea na karatasi ndefu ya makatazo, akaikunja akaiweka chini ya sufuria. Nilikuwa nimekosea. Wiki iliyofuata nilirudi na salamu, kanga, na karatasi ya nusu ukurasa inayosema anachokula: wali, ugali, viazi, ndizi, maharage, nyama, samaki, mayai, maziwa, matunda. Nikapeleka sufuria ndogo, mwiko mpya na sahani, vyote vimefungwa utepe mwekundu. Wazo bora hata hivyo lilikuwa lake. Alisema, "Mama, huyu nitampakulia wa kwanza, kabla upawa haujaingia kwenye mengine." Ndiye pia aliyenifichulia kwamba mchuzi ukiwa mwepesi huwa anautia kijiko cha unga wa ngano. Nisingelijua hilo hata kwa barua kumi.

Siku ya chapati hapiki chochote cha mwanangu. Unga unapeperuka jiko zima. Siku hiyo mtoto anabeba chakula chake kwenye hotipoti, na anakula mezani na wenzake, si kwenye kona. Hilo nililipigania. Kinachotakiwa ni meza ifutwe kwa maji na sabuni, na watoto wanawe mikono kwa sabuni. Sanitaiza haiondoi gluteni, inaua vijidudu tu.

Vitu vingine vilinijia kwa kushtukiza. Chipsi ni viazi, sawa, ila kama mafuta yamekaanga sambusa, basi. Katlesi hupakwa chenga za mkate. Vitumbua ni vya mchele, lakini wauzaji wengine huchanganya ngano, kwa hiyo mimi hupika mwenyewe. Vinywaji vya unga vya chokoleti vyenye kimea cha shayiri navyo vina gluteni. Na darasa la awali lina mitego yake: unga wa kuchezea unaofinyangwa kwa ngano na chumvi, na gundi ya kubandikia picha inayopikwa kwa unga wa ngano. Haipiti kwenye ngozi, lakini ni mtoto gani wa miaka mitano asiyelamba vidole? Nilimpelekea mwalimu pakiti ya wanga wa mahindi na gundi ya dukani, hakuna aliyegombana.

Keki za kuzaliwa ndizo zilizonitoa machozi. Zinakuja bila taarifa, kwa kawaida Ijumaa. Sasa kuna kopo lenye jina lake kwenye droo ya mwalimu, lina kashata na ubuyu, nalijaza kila mwezi. Wenzake wanamwonea wivu, na hilo halinisumbui hata kidogo.

Mtoto mwenyewe nimemfundisha sentensi moja tu: "Asante, mpaka mama aone." Tumewalea watoto wetu wasikatae riziki ya mtu mzima, na kukataa chakula kunaonekana utovu wa adabu, ndiyo maana neno la kwanza ni asante. Tulifanya mazoezi nyumbani, mimi nikiwa bibi, mimi nikiwa dada wa basi, mimi nikiwa rafiki anayetaka kubadilishana andazi. Bibi ndiye mgumu kuliko wote, hata wa kweli.

Unga ndio unaonichosha. Mahindi na ulezi havina gluteni, lakini mashine ya mtaani inayosaga mahindi yako ndiyo iliyotoka kusaga lishe ya jirani yenye ngano. Kupitisha kilo moja ya mahindi kwanza hakuisafishi. Ulezi wake nauchambua, nauosha, nauanika, nausaga kwa blenda nyumbani. Vyakula vya pakiti vilivyoandikwa havina gluteni vipo kwenye supamaketi kubwa, na kiwango cha kimataifa ni visizidi miligramu 20 kwa kilo, lakini bei yake ni ya kununulia sikukuu. Kwa bahati chakula chetu cha kila siku hakihitaji pakiti.

Vipimo vya damu vya mwezi uliopita vimeshuka karibu na kawaida, na ameongezeka kilo mbili. Januari anaingia darasa la kwanza, jengo jingine, jiko jingine, mpishi mwingine. Mama mpishi ameahidi kunipeleka kwa mwenzake kabla shule hazijafungwa. Mwiko ule wa utepe umeanza kupasuka kwenye ncha, nitanunua mwingine.