Kwa Walimu Wapya Mnaopangiwa Makunduchi

Ndugu zangu mnaopokea barua za kupangiwa skuli za Makunduchi, huku kusini mwa Unguja, mambo ya vipindi na mitihani mtaelekezwa na walimu wakuu wenu, nami sina haja ya kuyarudia. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo sikuelezwa na mtu siku niliyoshuka kwenye daladala namba 310 na begi moja na godoro, nikidhani kwamba kwa kuwa mimi ni Muunguja, Muislamu na msemaji wa Kiswahili kama wao, basi nimeshafika kwetu. Kuhesabiwa mtu wa pale kulinichukua zaidi ya miaka mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa kosa langu mwenyewe.

Lugha ndiyo inayotudanganya sisi watu wa mjini. Wazee wa Makunduchi wana Kikae chao, lahaja ya huko, na wakizungumza wenyewe kwa wenyewe barazani utashika neno hapa na neno pale. Usicheke, wala usiwasahihishe wanafunzi kana kwamba maneno ya bibi zao ni makosa. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja cha mjini, wafundishe kwa ajili ya maandishi na mtihani. Kikae waombe wakufundishe wewe. Mwalimu anayemuuliza mtoto neno la kwao, jioni hupata jibu kutoka kwa ukoo mzima.

Kosa langu lilihusu Siku ya Mwaka. Kila Julai Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya unaofuata hesabu ya jua, ambao asili yake huhusishwa na Nairuzi ya Uajemi na Washirazi. Katika uwanja wa Kae Kuu wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vigogo vya migomba, wanawake waliojipamba huimba nyimbo za utani, nyingine zikiwa na maneno ambayo siku nyingine yasingetamkwa hadharani, na kibanda cha makuti huchomwa moto huku watu wakiangalia moshi unaelekea wapi. Husemwa kwamba vipigo vile ni vya kumaliza vinyongo vya mwaka uliopita. Nimewahi kuona watu wawili waliogombania mpaka wa shamba wakitoka uwanjani wamelowa jasho na utomvu wa mgomba, wakaenda kula sinia moja, kwa hiyo sibishani na usemi huo.

Mimi somo langu nililipata jikoni. Mila inataka kila nyumba ipate mgeni siku hiyo, na kukosa mgeni ni jambo la kusikitisha kwa mwenye nyumba. Mwaka wangu wa kwanza niliziona siku zile kuwa za mapumziko, nikarudi mjini bila ya kuaga. Niliporejea, bibi jirani, ambaye alikuwa akinigaia maji ya kisima chake tangu nilipohamia, aliitikia shikamoo yangu kisha akaniambia kwa upole, "Maalim, sahani yako ililala na kawa lake." Hakuongeza neno. Alikuwa amepika wali na mchuzi wa samaki, akafunika, akangoja hadi usiku, kwani mgeni wa nyumba ile nilikuwa mimi. Ndipo nilipotambua kwamba hata ugeni ni nafasi yenye wajibu wake, na kwamba nilikuwa nimeutoroka.

Basi wiki ya Mwaka msipange safari. Mkienda Kae Kuu msijipange na watalii wenye kamera. Simameni pale atakapokuwekeni aliyekualikeni. Wapo pia, humo humo Makunduchi, wanaoona kwamba mila hii haiendani na dini. Mabishano hayo ni ya watu wa nyumba moja, na mgeni akitia neno lake atakuwa hakimu asiyeitwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shida ni kwamba mwalimu huheshimiwa hata jembe lenyewe hapewi: huletewa kiti, huletewa chai, na akiridhika hivyo anaweza kukaa miaka kumi akiwa bado mgeni wa heshima. Jembe itabidi uliombe. Kwenye msiba fika kabla ya maiti kutolewa nyumbani, uingize bega kwenye jeneza. Watu hupokezana kwa hatua chache chache, na hakuna atakayekuuliza una undugu gani na marehemu. Kaburini tia mchanga kwa mkono mara tatu kama wenzako. Kwenye hitma chukua juzuu uisome, usikae unachezea simu hadi sinia zije. Walimu wa kike, panapokuwa na shughuli ingieni uani panapopetwa mchele. Aliyekalia mbuzi akakuna nazi asubuhi moja hujua mambo ya mji kuliko aliyekaribishwa ukumbini mwaka mzima. Asiye Muislamu naye asihofu, kwani ndoo za maji, viti na majamvi havina dini.

Ya skulini ni machache. Kila Septemba huadhimishwa tangazo la elimu bila malipo lililotolewa na Mzee Abeid Amani Karume tarehe 23 Septemba 1964, na matayarisho ya michezo ya maadhimisho hayo hula vipindi, jambo linalowakera walimu wageni, na mimi liliwahi kunikera. Hata hivyo kubali kusimamia timu. Watoto wakirudi ndani ya gari wakiimba, walioshinda na walioshindwa, jina lako litakuwa ndani ya wimbo, na kesho yake hutahitaji fimbo kuwanyamazisha.

Mwaka wangu wa nne, siku mbili kabla ya Mwaka Kogwa, yule bibi alimtuma mjukuu wake. Nilidhani ameletwa kunialika kama kawaida. Mtoto akasimama mlangoni, akapiga hodi, akasema, "Bibi anauliza, kwako mgeni keshapatikana?" Sikuwa naye, wala sikuwahi kufikiri kwamba nyumba yangu ya vyumba viwili nayo inadaiwa mgeni. Alfajiri ya pili nilipanda 310 kwenda mjini kumtafuta mdogo wangu, nikarudi naye mchana akiwa bado haelewi kwa nini namharakisha, na njiani tukanunua sahani moja zaidi na kawa la kuifunikia.