Usukani Ukitetemeka, Usikimbilie Kununua Spea

Wiki jana msomaji mmoja wa Bungoma aliniandikia kwamba usukani wa gari lake hutetemeka kila akifika tisini, na fundi ameshamwambia alete elfu kumi na nne za tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, na bushi, mipira ya kwenye viungo vya chini ya gari. Niliusoma ujumbe ule nikala chakula kimepoa. Dada, usitoe hiyo pesa. Nisikilize kwanza.

Mimi huuza mbegu na dawa za mifugo. Kila Jumanne natoka Nakuru, napanda Salgaa na Mau Summit, nateremkia Kericho mpaka Ahero na Kisumu. Fielder yangu ndiyo ofisi. Mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imechacha, niliingia barabara ya ndani karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero, gari likazama kwenye ule udongo mweusi mpaka vijana wakalisukuma. Niliporudi kwenye lami, kwenye themanini na tano hivi, usukani ukaanza kucheza mikononi kama ungo wa anayepepeta. Nikishuka sitini, kimya. Nikipanda, unaanza tena.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Jamaa hakupiga hata jeki. Alilishika gurudumu, akalitikisa mara moja, akasema, "Madam, tairodi zimeisha." Nikatoa elfu tisa. Gari likatetemeka vilevile. Niliporudi, akaniambia sasa ni shokabsoba. Ndipo nikajua nimekuwa shamba la mtu, na msimu wa mavuno umefika.

Aliyeniokoa ni kijana wa kibanda cha tairi, mwenye redio inayokwaruza na mashine moja ya balansi, yaani ya kusawazisha uzito wa gurudumu pande zote. Alifungua gurudumu la mbele kushoto, akaligeuza, akaniita nione ndani ya rimu. Kulikuwa na bonge la udongo mkavu, limeganda kama ukoko wa ugali. Alilibandua kwa bisibisi, likaanguka sakafuni zimazima. Ukingoni mwa rimu palikuwa na alama safi ya mstatili, mahali kilipodondoka kizito cha madini ya risasi kinachosawazisha gurudumu. Akalipachika gurudumu kwenye mashine, likazunguka, kioo kikaandika gramu 35 zinazokosekana. Akagonga kizito kipya, likazunguka tena: sufuri. Mia mbili kwa gurudumu. Mia mbili, jamani, baada ya elfu tisa!

Halafu akanitia aibu. Tairi zangu za mbele zilikuwa zimelika mpaka karibu na vile vinundu vya ndani ya mifereji, ambavyo huonyesha kwamba imebaki milimita 1.6. Za nyuma bado zilikuwa na maisha. "Hujawahi kuzihamisha?" Sijawahi, na nilikuwa nimekwenda zaidi ya kilomita 30,000. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama langu, huzichosha tairi za mbele: ndizo zinazovuta, ndizo zinazokata kona, na breki nyingi huziangukia hizo hizo.

Kwa hiyo, wewe unayekula barabara kutafuta riziki kama mimi, kila kilomita 10,000 hivi hamisha tairi. Kwa gari la aina hiyo, za mbele zirudi nyuma moja kwa moja, za nyuma zije mbele kwa kupishana upande. Zenye mshale ubavuni zibaki upande wake. Fanya balansi siku hiyo hiyo. Usiahirishe, mimi niliahirisha.

Na kabla ya kwenda kwa fundi, jisikilizie mwenyewe. Ukitetemeka usukani, anza na magurudumu ya mbele. Kikitetemeka kiti, tazama ya nyuma. Ikiwa ni wakati wa kufunga breki tu, uliza diski. Gari likivuta upande, pima upepo, kisha alaimenti, yaani mkao na mwelekeo wa magurudumu, ambayo si balansi hata kama fundi atazitaja kwa pumzi moja. Tairodi mbovu zipo, sikatai, lakini mtu akuonyeshe inavyolegea gurudumu likiwa juu ya jeki. Wewe wa Bungoma, ulipita matope hivi karibuni? Anza na maji na brashi ndani ya rimu. Hiyo ni bure.

Jambo jingine: spea ya zamani ikitolewa, idai, uende nayo nyumbani. Mimi sikuzidai tairodi zangu. Huenda sasa hivi ziko chini ya gari la mtu mwingine mjini hapa, na ameambiwa ni mpya.