Mwanangu, kuhusu Susan

Mwanangu,

Umeniuliza jambo dogo tu, kwamba umeanza kuvisoma tena vile vitabu saba vya mzee C. S. Lewis, vya watoto wanaopita kabatini wakaingia nchi ya ajabu ya Narnia, umekuta mle mambo yanayokukera, na sasa hujui umsomee mwanao au uviache vilipo. Nilitaka nikujibu kwa meseji, ndiyo au hapana, yaishe. Ila kila nikianza kuandika najikuta nimerudi usiku ule.

Unaukumbuka, najua. Nilikuwa nawasomea kile cha mwisho, kile cha 1956, mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo halafu nawafasiria, wewe na kaka yako mmejifunika shuka moja. Na kipindi kile wewe ulikuwa Susan, yule dada mkubwa wa wale ndugu wanne, haikuwa mchezo, tangu pale kaka yake Peter anapewa upanga na ngao na Susan anapewa upinde na pembe ya kupuliza ukatangaza kwamba huyo ndo wewe, ukajitengenezea upinde kwa kijiti na uzi wa kushonea wa mama yako. Sasa nafika pale wafalme na malkia wote wanakutana, mtu anauliza Susan yuko wapi, Peter anajibu kwa mkato kwamba dada yake si rafiki wa Narnia tena. Mwingine anadakia kwamba siku hizi hajali kitu ila soksi za nailoni, lipstiki na mialiko. Jicho lilishayaona maneno kabla mdomo haujayafikia. Nikakutazama. Nikasema, Susan amebaki nyuma na upinde wake, analinda mlango.

Mimi! Mimi ninayewaimbia kila siku kwamba kitabu hakirukwi kurasa.

Ukalala na furaha zako. Miaka mitatu baadaye Kiingereza chako kimeshakomaa, ukakisoma mwenyewe, ukaja ukakiweka mbele yangu kikiwa wazi, kidole kwenye mstari, hukusema neno ukaondoka. Afadhali ungepiga kelele. Halafu siku ya harusi ya shangazi yako, ulipopaka lipstiki kwa mara ya kwanza, ukageuka kutoka kwenye kioo ukaniambia "Baba, kwa hiyo na mimi si rafiki wa Narnia tena?" Mama yako alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nilicheka, ila iliniuma, na mpaka leo bado inauma kidogo.

Haya, nimevisoma upya, tena kwa ajili yako. Kuna sehemu bado zinanisisimua kama mtoto, pale makoti ya manyoya kabatini yanageuka matawi na theluji unaisikia chini ya miguu, pale sina la kusema. Halafu nafungua kingine nakutana na watu wa Calormen, ile nchi hasimu ya Narnia, weusi, vilemba kichwani, panga zilizopinda, wakatili karibu wote, na kwenye kile cha mwisho kuna vibete wanawaita kwa jina la dharau la rangi yao. Utotoni sikuona. Nilijiweka upande wa Peter bila hata kujiuliza mwenye ngozi kama yangu kawekwa upande gani. Na cha kuchekesha, aslan ni simba kwa Kituruki, yaani mzee Lewis jina la Aslan, simba wake mkuu, kalichukua huko huko kwa watu wa vilemba! Lakini ngoja, yumo pia Aravis, binti wa Calormen, anayetoroka kwao kwa farasi na haogopi kitu, na yumo Emeth, yule askari ambaye Aslan mwenyewe anampokea. Kwa hiyo siwezi kusema hakuwaona kabisa. Mmojammoja aliwaona, wakiwa wengi hakuwaona. Leo naona hivyo, kesho sijui.

Kilichonikamata safari hii ni treni. Zamani niliipita tu. Wale ndugu watatu wa Susan, na baba na mama yao, wote wamekufa kwenye ajali ya treni na kitabu kinashangilia manake wamefika kule kuzuri, sawa, ila Susan yuko hai, huku, peke yake. Nani aliwazika? Si ni yeye. Ukishakuwa mzazi hapo hupiti. Lewis alimwandikia mtoto mmoja mwaka 1957 kwamba Susan bado ana muda wa kubadilika na huenda naye akafika, kwa njia yake mwenyewe. Nilipoijua hiyo barua nikataka kumshukuru, halafu nikakasirika, sasa si ungeandika humo kitabuni mzee?

Kuhusu mwanao sikwambii umsomee wala usimsomee, ingawa ulimi unaniwasha kweli kweli. Kitabu hakirukwi kurasa, hilo bado nalisimamia. Ila nikirudishwa usiku ule, wewe pale na kile kijiti chako kando ya mto wa kulalia… nadhani ningemweka tena mlangoni.

Kile cha mwisho kiko kwangu, jalada limechoka kidogo. Njoo ukichukue. Na ukiamua kumsomea, siku mkifika ule ukurasa nipigie simu, hata kama nimelala, nataka kusikia umemwambia Susan yuko wapi.

Baba yako