Usifute safari ya Cooperstown kwa sababu ya mipigo 1,500 ya Posey

Usifute. Umeandika kwamba umekwisha kukodi nyumba Cooperstown, katika jimbo la New York, kwa Julai 2027 ili binti yako amshuhudie Buster Posey, aliyekuwa mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji kuidaka mipira), akiingizwa katika Jumba la Mashuhuri la besiboli, na kwamba sasa unataka kuiachia kwa sababu mwenzako wa kazini amekuhakikishia kuwa mchezaji mwenye mipigo 1,500 tu, yaani mara alizoupiga mpira akafika beizi salama, hawezi kuchaguliwa katika mwaka wake wa kwanza wa kupigiwa kura. Umeuliza pia kuhusu viwanja vya ndege na idadi ya siku za kukaa, lakini hili la kufuta ndilo lililonifanya niache kazi niliyokuwa nayo mkononi. Maneno hayohayo niliambiwa mimi kuhusu Joe Mauer, mdakaji wa Minnesota Twins, nikayaamini, na aliyelipia ni mwanangu.

Nilifika Minnesota mwaka 2006. Jirani mmoja mzee alinipeleka uwanja wa Metrodome kunifundisha mchezo ambao sikuwa nikiuelewa hata kidogo, na mwaka huohuo Mauer, mzaliwa wa St. Paul, akatwaa taji la mpigaji bora wa Ligi ya Amerika kwa wastani wa .347, yaani karibu mipigo 35 kwa kila majaribio 100. Kabla yake hakuna mdakaji wa ligi hiyo aliyewahi kulipata. Yeye akalipata tena 2008 na 2009. Mwanangu alikulia katika nyumba ambayo jina hilo lilitajwa kila jioni ya kiangazi, akiwa na shati la namba 7 lililomfika magotini, na Mauer alipostaafu mwaka 2018 nilimwahidi kwamba siku atakapoingizwa Cooperstown, sisi wawili tutakuwa pale uwanjani.

Kiangazi cha 2023 nikakodi nyumba ndogo katika kijiji hicho, ambacho wakazi wake hawafiki 2,000, nikatanguliza arubuni ya dola 600. Desemba, bwana mmoja katika kundi letu la WhatsApp, ambaye hupenda kuitwa mchambuzi, akatuandikia maelezo marefu: Mauer ana homurani (mipigo inayomzungusha mpigaji beizi zote) 143 tu, mipigo yake ni 2,123 ilhali wakubwa wana 3,000, Mike Piazza, mdakaji mwenye homurani 427, alingoja hadi mwaka wa nne, na Gary Carter hadi wa sita. Hakuna neno la “huenda” hata moja. Wapigao kura ni waandishi wa besiboli, na wapo waliokuwa wakizitangaza kura zao hadharani mapema, nami ningeweza kuzisoma, lakini niliona nisipoteze pesa zilizobaki, nikafuta nafasi ile mwanzoni mwa Januari.

Tarehe 23 Januari 2024 matokeo yakatangazwa. Mauer alipata kura 293 kati ya 385, sawa na asilimia 76.1, na zilizohitajika, yaani asilimia 75, zilikuwa 289. Kura nne za ziada zilimwingiza, katika mwaka wake wa kwanza. Usiku uleule nilimpigia simu mwenye nyumba, akaniambia kwa upole kwamba imekwisha kuchukuliwa. Mwanangu hakulia wala hakunilaumu; alilikunja shati lake akaliweka kabatini, na tarehe 21 Julai tuliitazama sherehe kwenye televisheni bila kuzungumza. Yule bwana hadi leo hajawahi kusema kwamba alikosea, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko dola zile, kwa kuwa mtu anayezungumza kwa uhakika namna ile anapaswa kurudi na kukiri.

Kosa lake, ambalo ndilo la mwenzako, ni kumpima mdakaji kwa kipimo cha wachezaji wengine. Mdakaji hupimwa kwa wadakaji wenzake. Yeye huchuchumaa nyuma ya mpigaji usiku baada ya usiku, hupigwa vidoleni na kichwani na mipira iliyokwaruzwa na gongo, na kocha hulazimika kumpumzisha mara kwa mara katika msimu wa mechi 162. Ndiyo maana hata Iván Rodríguez, aliyechaguliwa mwaka wa kwanza 2017, aliishia kwenye mipigo 2,844. Hiyo 3,000 hakuna mdakaji aliyewahi kuifikia. Mauer mwenyewe aliumia kichwa Agosti 2013 akahamishiwa beizi ya kwanza, na hakudaka tena isipokuwa mrusho mmoja tu katika mechi yake ya mwisho.

Sasa mweke Posey kwenye mizani hiyo. Wastani wake ni .302 na wa Mauer ni .306, homurani zake ni 158. Wote wawili waliwahi kutajwa kuwa Mchezaji Bora wa ligi yao, Mauer 2009 na Posey 2012, mwaka ambao Posey alitwaa pia taji la mpigaji bora wa Ligi ya Taifa kwa wastani wa .336. Lakini Posey ana mataji matatu ya ubingwa akiwa na San Francisco Giants, 2010, 2012 na 2014, tena baada ya kuvunjika mguu mwaka 2011 alipogongwa na mkimbiaji akiilinda beizi ya nyumbani, ajali iliyochangia ligi kubadili kanuni za migongano mwaka 2014. Alistaafu baada ya msimu wa 2021 akiwa na umri wa miaka 34. Ni kweli kwamba miaka yake ilikuwa michache, na wapo wapiga kura watakaomnyima kwa hilo. Hata hivyo Roy Campanella alichaguliwa na waandishi haohao mwaka 1969 akiwa na mipigo 1,161, kwa sababu walimtazama kama mdakaji.

Kwangu mimi Posey anastahili kuingia mara moja. Mauer alivuka kwa kura nne tu, kwa hiyo asilimia 75 si jambo la kuahidiwa na mtu yeyote, iwe mimi au mwenzako. Matokeo yatatangazwa Januari 2027. Muulize mwenye nyumba kama atakubali uishikilie hadi wakati huo, hata kama itabidi uongeze arubuni, na ikiwa ujumbe wa kufuta umekwisha kuuandika, usiutume.